Matairi ya kashata kubwa na lami yetu iliyolowa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wanaoendesha Prado, RAV4, Harrier na magari mengine ya jamii hiyo, hasa wale wanaojiandaa kubadilisha matairi kabla mvua hazijaanza mwezi Novemba. Siku hizi wengi wetu tukifika dukani huulizia matairi ya A/T, yaani yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya lami na vumbi kwa pamoja, kisha tunachagua lenye kashata (yale meno ya mpira yanayogusa barabara) kubwa kuliko yote kwa kuamini kwamba meno yakiwa makubwa gari linakuwa salama zaidi. Kwenye matope imani hiyo ina ukweli. Kwenye lami iliyolowa haina, na magari ninayoyazungumzia hupita kwenye lami karibu maisha yake yote.

Tairi hushika barabara kwa kipande cha mpira ambacho, kwa kila gurudumu, hakizidi sana ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Kashata zikiwa kubwa na nafasi kati yake zikiwa pana, matope hutoka upesi na tairi hujisafisha linapozunguka, lakini mpira unaobaki kugusa lami unapungua. Tena mpira wenyewe mara nyingi hutengenezwa uwe mgumu ili mawe yasiukate, na ugumu huo huo hupunguza uwezo wake wa kung'ang'ania lami yenye baridi na maji. Ndiyo sababu gari lililovalishwa matairi ya matope kwa kawaida huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama wakati wa mvua kuliko gari lile lile likiwa na matairi ya barabarani. Tofauti hiyo huenda isionekane Uyole kwenye foleni. Itaonekana kwenye mteremko wa Inyala au wa Iwambi, lori likisimama ghafla mbele yako, na itaonekana Kitonga, ambako kona zinafuatana na upande mmoja ni bonde.

Sisemi kwamba matairi ya A/T hayafai. Mkulima wa viazi anayepanda Umalila au Kikondo kila wiki wakati wa masika anayahitaji, na anayepandisha Matamba kutoka Chimala kwa kona zile 57 anayahitaji vilevile, kwa sababu changarawe kali hukata haraka matairi laini ya lami. Lakini mtumishi anayekwenda kazini mjini, akaenda Tukuyu kwenye msiba, akasafiri hadi Dar es Salaam kilometa zaidi ya 800 za lami, na kuingia kwenye vumbi mara chache tu kwa mwaka, anapaswa kuchagua A/T ya wastani: yenye kashata zilizokaribiana katikati ya tairi, zenye mikato mingi myembamba juu yake. Mikato hiyo ndiyo inayovunja utando wa maji ili mpira uguse lami. Kwa Rungwe, ambako mvua ni miongoni mwa zile nyingi kuliko zote nchini, mimi ningeitazama mikato hiyo kabla ya kuuliza bei.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni watu kununua tairi bila kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake. Chukua tairi la 265/65R17 112S, ukubwa unaotumika kwenye Prado nyingi. Namba 265 ni upana kwa milimeta, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 112 inaeleza uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, yaani kilo 1,120, na herufi S ni mwendo wa juu wa kilometa 180 kwa saa. Hatuendi mwendo huo wala hatupaswi kwenda, lakini namba ya uzito haina mjadala: isishuke chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari, hasa kwetu sisi tunaorudi kutoka shambani tukiwa na magunia nyuma na abiria watano.

Yapo pia matairi yenye herufi LT mwanzoni mwa ukubwa. Hayo yamekusudiwa magari ya kazi nzito. Ubavu wake ni mgumu, ni mazito, huongeza ulaji wa mafuta, na ili yabebe uzito ule ule yanahitaji upepo mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mtu akiyafunga kwenye gari la familia na kujaza upepo wa zamani, anatembea na matairi yenye upepo pungufu pasipo kujua. Asiyebeba mizigo mizito wala kupita kwenye mawe makali hana sababu ya kuyalipia.

Kadhalika, fundi akikushauri uongeze ukubwa kidogo hadi 265/70R17 ili gari lipendeze, mwambie hapana. Kipenyo kinaongezeka kutoka milimeta 776 hivi hadi 803, yaani zaidi ya asilimia 3, na kama mshale wa spidi ulikuwa unasema kweli, basi ukionyesha 80 wewe unakaribia 83. Gurudumu zito na kubwa zaidi pia huipa breki kazi ya ziada, na katika mkoa wa miteremko kama huu sioni faida ya kuitwisha breki mzigo kwa ajili ya urembo.

Wenye magari yanayosukuma magurudumu yote manne muda wote, ikiwemo Prado, wasinunue matairi mawili mapya na kuacha mawili yaliyokwisha. Mapya na makuukuu hayalingani kipenyo, kwa hiyo difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Heri kusubiri mwezi mmoja upate fedha ya manne.

Umri nao usisahaulike. Mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama tairi halijawahi kugusa barabara, na huzeeka upesi zaidi linapoanikwa juani mbele ya duka. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililofikisha miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na lisitumike kabisa likipita miaka kumi. Kwenye baadhi ya matairi yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani utaona pia herufi za uwezo wa kusimama kwenye barabara iliyolowa, kuanzia AA ambayo ni ya juu hadi C ambayo ni ya chini. Lakini picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji isimdanganye mtu akadhani imewekwa kwa ajili ya milima kama Rungwe. Hiyo ni alama ya jaribio la theluji.

Mwisho, nawaomba wauza matairi wa Soweto na Mwanjelwa hapa Mbeya, na wa miji mingine ya kanda hii, waandike kwenye risiti ukubwa, namba ya uzito na wiki ya kutengenezwa kwa kila tairi wanalouza, ili mnunuzi awe na kitu cha kurudi nacho akigundua ameuziwa la zamani kama jipya. Na askari wa usalama barabarani, katika ukaguzi wao wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, wasiishie kutazama kama tairi ni kipara, bali wainame na kusoma zile tarakimu nne, pamoja na za tairi la akiba.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya