Podikasti ya mtafiti ipangiwe saa zake

Mhariri,

Lawama kwamba watafiti wetu hujifungia kwenye majarida ya Kiingereza zimekuwa wimbo wa kila kongamano, na jibu lao halibadiliki: muda hatuna. Wanasema kweli. Podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni ambavyo vingewafikishia wananchi utafiti huo kwa Kiswahili, huachiwa usiku, baada ya kusahihisha mitihani, na kazi isiyo na saa zake kwenye mpango kazi hufia kipindi cha tatu.

Basi tuzihesabu hizo saa. Kipindi cha dakika 12, kwa aliyekwisha kuzoea, hula saa 5 hivi: saa moja na nusu kuandaa, dakika 40 kurekodi, saa 2 kuhariri, dakika 50 kusikiliza upya, kuandika maelezo na kupakia. Viwili vya mwanzo vikadirieni mara mbili. Msimu wa vipindi sita, pamoja na ugeni huo, ni saa 40, yaani siku tano za kazi. Siku tano ndani ya mradi wa miaka mitatu hazimshindi mtafiti mkuu kuziandika kwenye andiko la mradi, zikiwa na kifungu chao cha bajeti na malipo ya mhariri wa sauti. Asitwishwe mwanafunzi wa uzamivu eti kwa kuwa vijana wanajua mitandao.

Muda mwingi huvuja kwenye maandalizi. Mtafiti huchukua makala yake, akaitafsiri, akaisoma. Kwa mwendo wa kueleweka, dakika moja ya Kiswahili hubeba maneno 110 hivi, kwa hiyo dakika 12 ni maneno 1,300. Makala ya maneno 5,000 haiingii hapo, na kuikata ikiwa sauti huchosha mara nyingi kuliko kufuta sentensi kwenye karatasi.

Anzeni na kitu kinachoshikika. Chukueni ugonjwa wa michirizi kahawia ya mihogo. Ukifungua kwa "leo tutaangazia epidemiolojia ya virusi", umeshampoteza msikilizaji. Mwambie mkulima kwamba shamba laweza kuonekana zima, shina limesimama, majani hayatishi, halafu siku ya kuvuna akikata muhogo akute ndani mabaka ya kahawia, makavu kama gome. Atasikiliza. Kisha sababu: inzi weupe hupeleka virusi masafa mafupi, ila safari ndefu tunaifanya wenyewe tunapogawiana pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, zenye ugonjwa. Kipindi kiishie hapo. Namna ya kuchagua pingili ni kipindi kingine, na majina ya kitaalamu ya virusi yabaki kwenye jarida.

Studio si lazima. Chumba chenye mapazia, godoro au rafu za vitabu kinatosha. Kuta tupu za zege hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye faili ni shida kuutoa. Zimeni feni na friji. Maikrofoni iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" itapuliza kama upepo. Rekodini sekunde 10 za kimya kabla ya kusema neno: Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, huzitumia kuutambua mvumo wa chumba na kuupunguza. Simu ya pili irekodi kama akiba, ikiwa imezimwa mtandao. Mvua ikigonga mabati, ahirisheni tu. Na mkishafunga vifaa, rekodini vipindi viwili kwa kikao kimoja.

Kwenye kuhariri, msiwinde kila "eeh". Kateni marudio na makosa ya maana, basi. Toeni faili ya mono (mkondo mmoja wa sauti, badala ya miwili ya stirio) ya kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 12 hazifiki MB 6, zinapita kirahisi kwenye makundi ya WhatsApp. Stirio ya kilobiti 128 ni uzito mara mbili, na sauti ya mtu mmoja anayeongea haipati faida yoyote kutokana nayo. Bando ni la msikilizaji, si la chuo.

Ruhusa nazo zina foleni yake, zianzeni mapema. Someni masharti ya kibali cha maadili ya utafiti wenu, ulizeni jarida kabla ya kutangaza matokeo ambayo hayajachapishwa, na kwa Tanzania ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kama chaneli yenu inahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni. Mkisubiri majibu, rekodini vipindi kuhusu mbinu: sampuli hukusanywaje, kwa nini shamba hili likachaguliwa na lile likaachwa.

Watayarishaji wa vipindi vya sayansi,
Morogoro