Rangi kuukuu isipigwe msasa mkavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalorukwa na wengi wanaotufundisha kukarabati nyumbani viti vya mbao vilivyokwisha kutumika. Maelekezo yao karibu yote huanza na msasa: kipige kiti hadi mbao ionekane, kisha kipake rangi upya. Kwa kiti chenye vanishi tu sina ubishi, lakini kwa kiti kikuukuu chenye rangi juu ya rangi, ushauri huo unaweza kuingiza sumu ndani ya nyumba.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, ili zikauke upesi, zidumu na zikolee, hasa nyeupe, njano na nyekundu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani, kwenye samani na kwenye vitu vya kuchezea watoto mwaka 1978, ila zipo nchi ambazo hadi leo hazina sheria ya namna hiyo, kwa hiyo umri mdogo wa kiti si dhamana. Ukipiga msasa mkavu, vumbi lake hutua sakafuni, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni bila mtu kuona. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Asiye na uhakika na achukulie kuwa risasi imo. Kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali, juu ya karatasi ya nailoni, kwa msasa wa maji unaoloweshwa kila mara, na fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwani kitambaa cha kawaida hakitoshi. Tope linalobaki lifutwe kwa kitambaa chenye maji wala lisisubiriwe likauke ndipo lifagiliwe. Kuchoma rangi kwa moto ili ibabuke ni hatari zaidi, maana mvuke wake huvutwa moja kwa moja.

Tena mara nyingi hakuna haja ya kufika kwenye mbao. Rangi iliyoshika vizuri huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakwaruzwa kidogo kwa msasa wa maji namba 220 ili ipoteze mng'ao, ikaachwa ikauke, kisha ikapakwa praima (rangi ya awali ya kushikisha) na mikono miwili ya rangi mpya.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti likichapisha maelekezo ya aina hii, tahadhari ya risasi itangulie hatua ya msasa, wala isiwekwe mwishoni ambako msomaji huifikia vumbi likiwa limekwisha kutimka.

Msomaji wako