Gazeti lenu nimelikuta ndani ya chesisi ya Land Rover yangu

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo naandika kwa sababu gazeti lenu nimelikuta sehemu ambayo nadhani hata nyie hamjui kama linafika, ndani ya chesisi ya Land Rover yangu, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Limekunjwakunjwa, limesokomezwa kwenye tobo, juu yake puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mashimo ya bodi, juu ya puti lami. Ukurasa wa michezo. Tarehe inasomeka vizuri tu, na hiyo tarehe ndo iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze mwanzo. Baba alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge huku kwetu Korogwe, na sisi watoto tumekua tunaruka nyuma ya 109, zile ndefu, inchi 109 ndo umbali wa kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Kwa hiyo nilipopata kiinua mgongo nikasema na mi niwe nayo moja kabla sijafa. Mama watoto alitaka tumalizie fremu za duka pale barabarani, tukabishana wiki nzima, mwisho yeye alitaka fremu na mi nikanunua fremu, sema ya kwangu imeoza. Mpaka leo akinipitia nimelala chini ya gari haongei, anapita tu na ndoo yake.

Na sio mimi peke yangu mwenye huo ugonjwa. Tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024, kila ukiulizia 109 au Defender unatajiwa bei mpaka unauliza mara mbili, na ambao walikuwa wamezitupia kuku zilalie ghafla wamezifukua, wamezipaka rangi. Hapo kwenye "wamezipaka rangi" ndo pana maneno.

Ukimwambia mtu yeyote unatafuta Land Rover ya zamani atakujibu chukua tu, ile haili kutu, bodi aluminiamu. Ni kweli kabisa, Waingereza walipoitoa mwaka 1948 vita ilikuwa imeisha juzijuzi, chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ndo ilikuwa inapatikana. Lakini ile ni ngozi jamani. Mifupa yote ni chuma, chesisi chuma, ule ukuta kati ya injini na dereva chuma, sehemu unayoweka miguu chuma, fremu za milango chuma. Na pale ngozi inapogusana na mfupa, ukiongeza unyevu wa chumvi hata hiyo aluminiamu yenyewe inaliwa, inatoa unga mweupe kama chokaa chini ya rangi. Haya yote nimeyajua baada ya kulipa.

Gari nililifuata Kigamboni. Series 3, yaani toleo la tatu la hizi Land Rover za zamani, kijani kibichi imeng'aa, matairi yamepakwa kiwi, siti mpya. Mi nilikuwa na sumaku mfukoni, nilitoa kwenye spika mbovu, maana nilishaambiwa kwenye puti sumaku hainasi. Nikapitisha kwenye boneti, haikunasa. Nikapitisha mlangoni, haikunasa. Dalali akacheka mpaka akashika kiuno, "mzee wangu hiyo aluminiamu, sumaku itanasa wapi?" Nikaona aibu nikairudisha mfukoni. Mhariri, pesa yangu iliondokea pale pale. Ningeinama nikaiweka kwenye chesisi, ambako ni chuma na ndo inatakiwa inase, ingedondoka mchangani mbele ya macho yao na mi ningerudi zangu Korogwe na basi.

Nikaomba jeki, wakasema jeki imeazimwa. Nikachungulia hivyo hivyo, nikaona chini kote nyuma kumepigwa lami nyeusi mbichi, inanuka. Mwenye gari akasema nimeipiga mwenyewe juzi kuilinda na kutu, na mi nikamshukuru! Nikamuuliza chesisi imewahi kuguswa, akaapa haijawahi, hiyo ni ya kiwandani. Milioni 11. Tukaandikishana mkataba wa ukurasa mmoja, una mstari unasema mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo kama lilivyo. Nikasaini. Hiyo ilikuwa Juni.

Agosti nilikuwa natoka Korogwe na mifuko kumi ya saruji, kumi tu, baba alikuwa anabeba singa za mkonge kilo ngapi huko mashambani na gari inacheka. Nikaingia kwenye korongo dogo kule njia ya shamba nikasikia KA! halafu gari ikakaa upande kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Pale springi ya nyuma kushoto inaposhikiliwa na chesisi pamepanda juu, springi imetoboa chesisi imeingia ndani.

Nikamleta mzee mmoja fundi, amefanya kazi kwenye karakana za mkonge miaka hiyo, hana haraka na mtu. Hakuuliza kitu, akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi toka mbele kurudi nyuma. Mbele inalia nge, nge, nge. Kati, nge. Akifika usawa wa tairi la nyuma ikabadilika, pu, pu, kama anagonga boga. Akaniangalia. Akachukua bisibisi akasukuma kwa kiganja tu, hakupigia nyundo, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoipindua yakaanza kumwagika magamba ya kahawia, mengi, yakaja na matope makavu, halafu likaja donge la karatasi. Akalifungua taratibu akavaa miwani akasoma, "haa, michezo hii." Gazeti lenu, la Machi mwaka huo huo. Chesisi ambayo haijawahi kuguswa toka kiwandani Uingereza ilikuwa na gazeti la Machi na mi nimenunua Juni.

Mzee akanielewesha, na mi nawaelewesha wengine. Chesisi ya hizi gari ni kama boksi refu, bati nne zimechomelewa pembeni, ndani uwazi. Maji na tope vinaingia ndani, vile vitundu vya kutolea maji vinaziba, tope linakaa humo limelowa miaka, kwa hiyo kutu inaanza ndani inakuja nje. Wewe ukija kuona kimvimbe kidogo nje ujue ndani hakuna kitu, chuma chenyewe kilikuwa kama milimita 2 tu toka mwanzo. Mbele mara nyingi panapona kwa sababu injini za hizi gari zinavuja, oili ya miaka 40 imepaka kila kitu, uchafu ule ule unaotukera ndo dawa. Nyuma hakuna wa kupapaka oili. Na yangu kumbe mmiliki wa kabla alikuwa anavutia boti nayo, anairudisha kinyumenyume baharini mpaka maji yafike kwenye bampa, kila wikiendi! Hilo nililijua baadaye kwa jirani yake.

Fundi aliyesokomeza gazeti nilimpata, chini ya siti kulikuwa na risiti ya makopo ya puti ina namba yake nyuma. Nilipiga na hasira zangu zote. Akanisikiliza, akasema mzee pole, mi nilimwambia mwenye gari kukata pale pabovu na kuchomelea bati jipya ni milioni na nusu, akasema gari inauzwa hii we ifanye ing'ae, akanipa laki mbili na nusu. Hasira zikaniishia nusu. Simtetei, mtu anayeziba sehemu inayobeba uzito wa gari kwa gazeti anajua kabisa anafanya nini, na siku gari ikikatika kwenye mteremko kuna watu nyuma haitakuwa hasara ya saruji. Ila aliyelipia ule mng'ao ni mwingine. Huyo nilipompigia aliniuliza "mkataba ulisoma?" halafu akaniblock.

Sasa hivi iko juu ya magogo nyumbani. Chesisi yote ya nyuma inakatwa mpaka pale nyundo inapolia vizuri, hapo ndo tunaunganisha chuma kipya. Mzee hataki habari ya kudonoadonoa welding, anachoma mzunguko mzima bila kuruka, na Uingereza kwenyewe nasikia kwenye ukaguzi wao kiraka cha chesisi kisichochomelewa hivyo hakipiti. Milioni 4 na laki 6 mpaka sasa bado rangi. Bahati yangu moja, namba ya chesisi kwenye Series 3 imegongwa mbele kulia pale springi inaposhikwa, ya kwangu ipo na inalingana na kadi. Kuna ambao kipande hicho kimeshabadilishwa na namba ikaenda skrepa, sasa unaanzaje kumwelezea mtu wa TRA.

Jirani yangu ana Volkswagen ile ya mgongo wa kobe akawa ananicheka. Nikamwambia toa siti ya nyuma, betri yako inakaa hapo chini, asidi ya miaka yote inadondokea wapi? Akatoa siti, akatoa kapeti, akatoa kapeti nyingine chini ya kapeti. Tukaona majani ya chini ya gari. Hanicheki tena.

Kilichoniudhi kwenu mhariri ni kwamba majuzi mmetoa ukurasa mzima wa magari ya zamani, picha tamu, rangi zinawaka, mkaandika ni uwekezaji kuliko kiwanja. Hakuna hata picha moja iliyopigwa mtu ameinama. Nyie mna wapiga picha, mwambieni mmoja alale chini na tochi na nyundo ndogo, atuletee picha ya huko, hiyo ndo itatusaidia sisi wenye viinua mgongo. Na anayeuza akikwambia jeki imeazimwa, nenda na ya kwako, akikataa kuinuliwa gari rudi nyumbani, nauli ya Kigamboni ni ndogo.

Kile kipande cha gazeti nilikianika kikakauka, nimekipigilia ukutani kwenye banda karibu na spana. Mkitaka picha yake nitawatumia. Timu yangu yenyewe ilikuwa imefungwa.

Msomaji wenu, Korogwe