Siri ya mgonjwa isitangazwe dirishani

Mhariri,

Ni zaidi ya miaka 20 nikilisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Taarifa mliyoichapa wiki jana kuhusu usiri wa wagonjwa, ambamo afisa mmoja alisema kwamba sheria zilizopo zinatosha, ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Sheria zipo, sikatai. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake ya maandishi. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza watoto wa shule wanaoishi na VVU waorodheshwe pamoja na walezi wao, ilibidi watu waende Mahakama Kuu; na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, akatoa siku 45 majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa alama zisizomtambulisha mtoto. Mwanangu alikuwa darasa la tatu agizo lilipotoka. Kila hodi ilipopigwa, moyo ulinienda mbio.

Hukumu ile niliipokea kwa machozi, nikaamini yamekwisha. Mwaka jana nilimsindikiza kijana huyohuyo, ambaye sasa ameota ndevu, kuchukua dawa katika kituo kimoja cha afya. Benchi la wanaosubiri limewekwa ukumbini, chini ya kibao kinachotangaza huduma inayotolewa hapo, na faili za kliniki hiyo zina rangi yake peke yake. Karani alimwita kwa majina yote mawili, kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni ya chanjo za watoto, kisha akamuuliza palepale dirishani kwa nini ameruka vidonge siku nne. Katika foleni ile alikuwamo jirani yetu, mtoto mgongoni. Aliinamisha macho, hakusema neno. Lakini jioni hiyo vijana wanaocheza naye mpira hawakumpitia nyumbani kama ilivyo desturi yao, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo mwanangu hupanda matatu mbili hadi kaunti nyingine kufuata dawa zilizoko mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, na mara mbili nauli imekosekana. Ni sheria ipi, bwana afisa, iliyomtosha kijana huyu?

Wauguzi nao hawana kinga. Yule anayehudumu katika chumba kile huitwa mtaani kwa jina la ugonjwa anaoutibu, na akimwamkia mtu sokoni, aliyeamkiwa hushukiwa. Basi wagonjwa humkwepa mtu pekee anayewajua kwa wema. Na anayetaka kushtaki huelekezwa kwenye mahakama maalumu iliyoundwa na sheria hiyo ya 2006, ambayo makao yake ni Nairobi. Mama muuza mboga wa huku atafikaje?

Ninachoomba hakihitaji Bunge. Kibao king'olewe, faili zote ziwe za kaki, wagonjwa waitwe kwa nambari kama benki, na chumba cha dawa kipate mlango wa mbao unaofungika. Fundi wa mtaani kwetu ataumaliza kwa siku moja, na mbao nitazinunua mimi.

Jina langu na la mji wangu naomba usiyachapishe, kwa ajili ya kijana.

Mama mzazi,
Pwani ya Kenya