Tuwakinge wafungwa dhidi ya ubakaji

Kwa Mhariri,

Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006 kinamfunga msimamizi wa jela anayetumia cheo chake kumlaghai mfungwa kimapenzi miaka isiyopungua 10. Vyema, lakini hiyo ni adhabu baada ya mtu kuumizwa. Nani anamkinga kijana mahabusu aliyefungiwa usiku kucha na wanaume waliomzidi nguvu? Na kesho yake amlalamikie nani, askari yuleyule mwenye funguo?

Marekani ilipitisha sheria ya kutokomeza ubakaji magerezani mwaka 2003. Kanuni zake zinataka mfungwa mpya achunguzwe, kwa kawaida ndani ya saa 72 baada ya kufika, iwapo yuko hatarini kubakwa au kubaka, matokeo yatumike kumpangia seli, na wakaguzi wa nje waje kila miaka mitatu. Wabunge wetu waingize hayo katika Sheria ya Magereza, Sura ya 90.

Msomaji, Nakuru