Damu ya unga uliyoniuliza

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam. Huku tu wazima, mama anakuulizia kila Ijumaa.

Ulipopiga simu kuniuliza kama ni kweli kuna damu ya unga, yaani damu bandia ya kukorogwa kwa maji, nilikukatisha kwa kuwa wodi ya wazazi walikuwa wananiita. Friji lilikuwa na chupa mbili, zote kundi A, na mzazi aliyekuwa anatokwa damu ni O. Shule zimefungwa, na unajua wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi. Alipatikana kijana wa bodaboda, tukampima, akatoa. Mzazi yu hai. Mimi usiku sikulala, nikawa nasoma hayo yako.

Kinachobeba oksijeni ni himoglobini, hiyo hiyo mnayoipima kliniki. Ungedhani inatosha kuitoa kwenye seli nyekundu na kumtundikia mgonjwa. Haina hata kundi, maana alama za A na B zimekaa kwenye ngozi ya seli. Kumbe ikiwa uchi hukatika vipande, ikashuka kwenye figo na kuziumiza. Tena hunyakua nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, na presha hupanda. Watafiti wakaifungamanisha kwa kemikali isikatike. Hemopure, damu bandia ya himoglobini ya ng'ombe, iliruhusiwa Afrika Kusini mwaka 2001. Lakini mwaka 2008 matokeo ya majaribio ya bidhaa 5 za aina hii yalipowekwa pamoja, vifo na mshtuko wa moyo vilionekana kuzidi.

Ndiyo maana sasa wanaivisha himoglobini ngozi, kama ya seli. Wazo si geni: mwaka 1957 Thomas Chang, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada, alitengeneza seli bandia chumbani kwake bwenini, kwa vifaa vya kuokoteza kikiwemo kipulizio cha marashi. Nilicheka peke yangu! Siku hizi ngozi yaweza kuwa polima, aina ya plastiki, ya asidi ya laktiki, ile ya maziwa mgando, ambayo mwili huivunja wenyewe. Chembe moja ni ndogo kuliko seli nyekundu kwa zaidi ya mara 30. Juu hupakwa polima nyingine ili ini na wengu visiiokote mapema, na ndani hutiwa vimeng'enya, kwa sababu himoglobini isiyo na walinzi hushika kutu: chuma chake hugeuka, haibebi tena oksijeni. Umewahi kuona damu iliyolala sana ikawa kahawia? Ndiyo hiyo.

Unga wako nadhani ni ErythroMer, ya watafiti wa Maryland, Marekani. Hukaushwa, kisha hukorogwa kwa maji. Niliyoyasoma mimi ni majaribio ya wanyama.

Na hata ikifika, haigandishi damu. Itamvusha mzazi wa zahanati ya mbali mpaka afike kwetu, basi. Chupa bado tutazitafuta.

Jumamosi tunachangisha hapa. Kaka yako si O? Mwambie aje, na asije na njaa.

Wako,
Rehema