Msianze na mkutano wa video

Mhariri,

Walezi wengi wa klabu wanaotaka vijana wao wafahamiane na wenzao wa nchi nyingine hukimbilia video. Vijana 40 wanatazamana, wawili wanaongea, mtandao unakatika, na hakuna anayerudi wiki ya pili. Wape kwanza kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuikamilisha peke yake.

Mfano ni kupima mzingo wa dunia. Kundi liwe la vijana 4 hadi 6, nusu kila nchi, na nchi zenyewe ziachane sana kaskazini na kusini. Siku moja, kila upande unasimamisha fimbo ya mita 1, wima kwa timazi, na kupima kivuli kila dakika 5 hadi kianze kurefuka tena. Kinachohitajika ni kile kifupi kuliko vyote. Msiamini saa ya ukutani, maana jua huwa halifiki juu kabisa saa sita kamili. Kivuli ukigawanya kwa urefu wa fimbo unapata tanjenti ya pembe kati ya fimbo na miale ya jua, na kikokotoo hukupa pembe yenyewe. Kisha umbali wa kaskazini-kusini kati ya pande mbili zidisha kwa 360, gawanya kwa tofauti ya pembe zao. Jibu likaribie kilomita 40,000.

Hapo ndipo mazungumzo huanza, kwa sababu majibu ya kwanza karibu yote hukosewa. Wengine hutumia umbali wa barabara badala ya ule wa kaskazini-kusini. Wengine hutoa pembe moja kwenye nyingine ilhali kivuli kimoja kilielekea kaskazini na kingine kusini, hapo hujumlishwa. Kosa la namna hii kijana hulieleza hata kwa lugha ya kuungaunga, na mchoro humsaidia.

Wabadilishane maandishi na sauti za dakika moja, kila mmoja kwa wakati wake. Video ije mwishoni, saa ikiandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, na kwa mtindo wa saa 24: "saa tatu" yetu, mgeni akiitafsiri neno kwa neno, anaelewa nyingine kabisa. Katika nchi nyingi za Ulaya nako saa husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Namba za simu za vijana zisitolewe. Akaunti iwe ya kundi, walezi wawili wakiisoma, na ridhaa ya wazazi ipatikane kabla: katika Umoja wa Ulaya umri wa kijana kuridhia mwenyewe taarifa zake zitumike mtandaoni ni kati ya miaka 13 na 16, kutegemea nchi.

Mlezi wa klabu ya sayansi